Deni la Aliyefundishwa
Somo kwa wanaofundisha bustani kwa kujitolea, Kyela na pwani ya Ziwa Nyasa



Mtu akiazima jembe la jirani yake, ajua ya kuwa siku itafika atakapolirudisha. Hata akilitumia msimu mzima, jembe si lake. Lakini mtu akifundishwa kazi bila ya kutoa karo, mara nyingi husahau ya kuwa naye ameazima kitu. Hurudi nyumbani na cheti chake, hukitundika ukutani, na maarifa yake hukaa kama fedha iliyofukiwa chini ya kitanda. Haiibiwi, walakini hainunui kitu.

Katika vijiji vyetu wapo watu waliochaguliwa na jirani zao, wakaenda kujifunza kazi ya bustani, kisha wakarudi kufundisha wengine bila mshahara. Mahali pengine huitwa wakulima wawezeshaji, mahali pengine walimu wa bustani tu. Wengi wao ni washarika wetu, na baadhi ni wainjilisti. Somo la mwezi huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazee wa usharika wanaofikiri kumchagua mtu wa namna hiyo. Twataka kujua aliyefundishwa ana deni gani, na alilipe kwa njia gani, tena tujue deni hilo laonekanaje kuwa limelipwa.

1. NJAA ILIYOJIFICHA KATIKA NYUMBA YENYE MCHELE

Nchi yetu si nchi ya njaa. Tambarare ya Kyela iko kwenye kichwa cha ziwa, karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huishusha mvua ya milimani pamoja na udongo wake mzuri, ikatuwekea mlangoni. Mpunga wetu unajulikana hata Dar es Salaam kwa harufu yake. Tuna migomba, mikakao na michikichi, na ziwa latupa usipa. Msafiri mmoja wa Uskoti, Joseph Thomson, alipita upande huu wa ziwa mwaka 1879, akaisifu sana nchi kwa migomba yake na kwa usafi wa makazi yake.

Lakini ghala lililojaa si dalili ya kwamba mtoto ana afya. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Tena mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo hulisha mikoa mingine kwa mahindi yake, ilikuwa na watoto waliodumaa karibu nusu au zaidi ya nusu. Basi, tusiseme, “Hao hawalimi.” Wanalima sana. Mahindi yanatoka, fedha zinaingia, na mtoto anashiba uji mtupu.

Tukitazama kwetu, je, hatuoni jambo lile lile? Mpunga wauzwa, kakao yauzwa, na fedha huenda kwenye bati, kwenye karo na kwenye madeni. Katika nyumba nyingi mikakao imesogea hadi karibu na ukuta wa jiko, mahali ambapo bibi zetu walipanda mchicha, maboga na kunde. Mboga sasa hutafutwa sokoni, na siku fedha isipokuwapo, mtoto hula wali na chumvi. Tumbo lake limejaa, wala hakuna mtu aonaye ya kuwa ana njaa.

Yatupasa kusema kweli hapa, ili mwalimu wa bustani asijivune. Kudumaa hakutokani na kukosa mboga peke yake. Maji machafu, kuhara, homa, mama aliyelemewa na kazi hata hana nafasi ya kumlisha mtoto mara kadhaa kwa siku, haya yote yamo. Bustani ni sehemu moja ya dawa. Tena ikiwa mwalimu aona mtoto amevimba miguu, au amekonda sana na hataki kula, asianze kuzungumza habari za mboji. Amwambie mama ampeleke mtoto hospitali siku ile ile, na ikiwezekana amsindikize. Bustani huzuia ugonjwa huu. Haimponyi mtoto ambaye tayari yumo hatarini.

2. KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi niandikaye ni mmoja wa waliofundishwa. Nilipelekwa kwa majuma mawili mahali fulani mbali na kwetu, katika nchi kame. Walinifundisha vizuri. Nilijifunza kuchimba vitalu vya kuzama, yaani vilivyo chini ya usawa wa ardhi, ili kila tone la mvua likusanyike penye mizizi. Niliandika yote katika daftari, nikapima kwa futi, nikachora picha. Nilirudi mwezi wa pili nikiwa na furaha nyingi.

Nilikusanya akina mama kumi na wanane, na wanaume watatu. Tulichimba vitalu sita karibu na uwanja wa kanisa, sawasawa na daftari langu. Wengine walitazamana, lakini hakuna aliyenena neno. Nilidhani wanastaajabia maarifa. Kumbe walikuwa wakinistahi tu.

Msomaji wa Kyela amekwisha jua mwisho wa habari hii. Mwezi wa tatu mvua ilishuka kama ilivyo desturi yake, na mwezi wa nne ilizidi. Vitalu vyangu sita viligeuka vidimbwi sita. Nyanya zilioza shina, mchicha ulikuwa wa manjano kisha ukalala. Watoto walikuja kushika vyura.

Juma moja baadaye nilipita nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mzee, mjane, ambaye hakuja darasani hata siku moja. Nikaona vilima vya udongo vilivyoinuka hadi magotini, vimefunikwa mabua ya mpunga, na juu yake mnavu, majani ya maboga na nyanya chungu, vyote vikiwa kijani. Maji yalikuwa yakipita katikati ya vilima kwenda kwenye migomba.

Nikamwamkia, nikamwuliza, “Bibi, ni nani aliyekufundisha?”

Akacheka, akasema, “Mwanangu, maji ndiyo yaliyonifundisha. Yaliniharibia mara mbili, ya tatu nikayapisha.”

Nikamwuliza tena kwa nini hakuja kuniambia nilipokuwa nikichimba. Akajibu, “Ulikuwa na daftari, mwalimu. Nani angekatiza daftari?”

Neno lile lilinichoma kuliko hasara ya mboga. Nilikuwa nimefundishwa, nami nilifikiri kufundishwa kumenitoa katika kundi la wanaofundishwa. Sikumwuliza mtu yeyote maji ya mwezi wa nne hupita wapi, wala ni nani mwenye mboga wakati wa masika. Jumapili iliyofuata niliwaomba radhi wale waliochimba pamoja nami, maana niliwapotezea nguvu na mbegu. Kisha nilimwomba bibi yule awe mwalimu kwa siku moja. Alikubali. Siku hiyo walikuja watu wengi kuliko siku zangu zote.

Tangu hapo nilitambua ya kuwa maarifa ya chuo si mabaya, bali ni nusu. Nusu ya pili iko nyuma ya majiko ya watu, nayo haipatikani ila kwa kuuliza. Vitalu vya kuzama ni vizuri kabisa mahali pake, hata kwetu wakati wa kiangazi, mwezi wa saba hadi wa kumi. Kosa langu halikuwa katika kitalu. Nilijibu kabla ya kuuliza.

3. WATU WA HAPA WALIVYOFUNDISHANA

Tusidhani ya kuwa kufundishana kilimo ni jambo geni lililoletwa na semina. Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na desturi iliyowashangaza wageni: vijana wa rika moja waliondoka kwa baba zao wakiwa bado watoto, wakaanza kijiji chao wenyewe, wakakua na kuzeeka pamoja. Raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao, iliitwa ukwangala. Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hii na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alikiandikia kitabu jambo hili, nacho kilitoka mwaka 1951. Alieleza ya kuwa kwa watu hawa, akili na adabu hupatikana kwa kukaa na wenzako. Mtu akaaye peke yake hajifunzi.

Wazee hao hao walikuwa wakulima hodari. Walifukia nyasi na majani katika matuta ili udongo upate nguvu, hawakuyachoma yote. Mwalimu wa bustani akifundisha leo habari za mboji na matandazo, asiseme analeta jambo jipya. Afadhali aseme, “Nimekuja kutukumbusha.” Neno hilo ni la kweli, tena wazee wakilisikia watafungua midomo.

4. WENGINE WALIVYOJIFUNZA JAMBO HILI

Jambo hili limeonekana na mbali pia. Katika nchi ya Indonesia wakulima wa mpunga walikuwa wakinyunyiza dawa nyingi za wadudu. Mdudu mmoja anyonyaye mpunga akazidi badala ya kupungua, kwa kuwa dawa ziliwaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga. Lakini amri pekee haimpi mkulima macho. Kwa hiyo mwaka 1989 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lilisaidia kuanzisha mashamba darasa. Wakulima ishirini na tano hivi walikutana shambani kila juma kwa msimu mzima. Waligawa shamba sehemu mbili, moja kwa njia ya zamani na moja kwa njia mpya, wakahesabu wadudu, wakachora waliyoyaona, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe. Mwalimu hakutoa hotuba, aliuliza maswali. Njia hiyo ilifika Kenya mwaka 1995, na baadaye Tanzania, ndipo sisi tukapata jina la shamba darasa.

Huko Marekani, katika jimbo la Washington, mabwana shamba walilemewa na maswali ya watu wa mjini waliotaka kulima bustani. Basi mwaka 1973 walianza kuwafunza watu wa kawaida waliojitolea. Mapatano yalikuwa dhahiri: ukifundishwa, utalipa kwa saa za kuwafundisha wengine. Hakuna aliyepokea mafunzo pasipo kuahidi saa hizo. Desturi hiyo imeenea katika majimbo mengi ya nchi ile.

Na hapa kwetu, mwaka 1993, wakulima wadogo walianzisha MVIWATA huko Morogoro, wakisaidiwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ili wakulima watembeleane na kupashana maarifa. Msingi wao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe.

Tazama sasa jinsi mambo haya matatu yanavyofanana. Indonesia yatuambia: usihubiri, uliza, tena waache watu waone kwa macho. Washington yatuambia: mafunzo ni deni, nalo lihesabiwe. Morogoro yatuambia: mwalimu aliye bora kwa mkulima ni mkulima mwenzake. Bibi yule nyuma ya jiko lake alikuwa akiyajua yote matatu, ila hakuna aliyemwuliza.

5. MAMBO YA KUFUNDISHA KATIKA NCHI HII

Sasa tuseme kazi yenyewe. Mwalimu asifundishe mambo ishirini. Haya matano yatosha kwa mwaka wa kwanza.

La kwanza, tuta liinuke. Wakati wa masika tuta liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Urefu ni kadiri ya nafasi. Kimo kiwe sentimeta 30 au zaidi. Mfereji kati ya tuta na tuta uwe na sentimeta 40 au 50, na uelekee mahali ambapo maji yatakwenda bila ya kumdhuru jirani. Kabla ya kuchimba, simama pale mvua inaponyesha utazame maji yanakopita. Saa moja ya kutazama itakuokoa na siku tatu za kuchimba.

La pili, mboji itokane na vitu vilivyopo. Tuna mabua ya mpunga, majani na vigogo vya migomba, maganda ya kakao, samadi ya ng’ombe na ya kuku. Panga tabaka moja la vitu vikavu, tabaka moja la vitu vibichi, kisha samadi kidogo na udongo kidogo, ukirudia hadi kimo cha mita 1 au zaidi. Nyunyiza maji, funika kwa majani ya migomba ili mvua isiozeshe vibaya. Choma kijiti kirefu katikati. Baada ya siku kadhaa kitoe ukiguse: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji, kikinuka vibaya, maji yamezidi, pindua. Ipindue kila baada ya majuma mawili au matatu. Kwa muda wa miezi miwili au mitatu itakuwa tayari. Maganda ya kakao yasiachwe mabichi chini ya mikakao, maana hapo ugonjwa wa kuozesha matunda hupata makao. Yakiozeshwa vema katika mboji huwa chakula kizuri cha udongo.

La tatu, panda mimea iliyozoea nchi. Mchicha huanza kuvunwa baada ya majuma matatu au manne, nao humpa mwanafunzi moyo. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina vya sentimeta 30 hivi, nayo hustahimili. Majani ya maboga, kunde, mnavu, bamia na nyanya chungu zote zatufaa. Tusizidharau mboga hizi kuwa ni za kizamani. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu mwaka 1992 kimezifanyia kazi mboga hizi hizi za Afrika, mchicha, mnavu na nyanya chungu, kwa sababu ya ubora wake. Weka akiba ya mbegu yako mwenyewe kutoka katika mmea ulio mzuri kuliko yote, usiule. Na kila nyumba iwe na mpapai.

La nne, maji ya kiangazi. Huku Kyela masika yatupa maji kupita kiasi, lakini mwezi wa tisa tuta la mchanga karibu na ziwa hukauka kwa siku moja. Ndugu zetu wa pwani ya Matema na Ikombe wana msaada karibu. Akina mama Wakisi hufinyanga vyungu ambavyo huuzwa kwenye soko la Lyulilo. Chukua chungu cha udongo, hata kile kilichomeguka mdomo mradi hakina ufa, kifukie katika tuta hadi shingoni, kijaze maji na kukifunika. Maji hupenya polepole katika kuta zake na kuifikia mizizi. Njia hii ni ya kale sana, imetumika China na Afrika ya kaskazini tangu zamani. Kwa hiyo mama hatachota maji mara mbili kwa siku, naye mfinyanzi atauza.

La tano, mboga ifike kinywani. Hapa ndipo bustani nyingi hushindwa. Mboga hustawi, huuzwa yote, na mtoto harambi kitu. Mwalimu apatane na kila nyumba ya kwamba tuta lililo karibu na jiko ni la sufuria, na mengine ni ya soko. Wafundishe kupika mboga kwa muda mfupi, na kuweka mawese kidogo. Mawese yetu mekundu yana vitamini A, na mafuta huusaidia mwili kuipokea ile iliyo katika majani. Weka na usipa waliosagwa katika uji au mboga ya mtoto. Hayo yote yapatikana hapa hapa.

6. NAMNA YA KUFUNDISHA

Anza kwako. Mwalimu asiye na tuta nyumbani hufundisha kwa mdomo, na mdomo hauoti. Wala usifiche tuta lako lililoharibika. Waonyeshe, uwaeleze sababu.

Chukua nyumba chache. Nyumba saba unazozitembelea kila juma zina faida kuliko watu sabini waliosikia mara moja wakaandikwa majina.

Uliza kabla ya kusema. Ukiingia katika bustani ya mtu, swali la kwanza liwe, “Ni nini kimestawi hapa?” Usianze na kilichokufa. Mama aliyeaibishwa mbele ya wenzake hatakufungulia tena ua wake.

Waite na wanaume. Zamani kazi nzito ya jembe katika nchi hii ilikuwa ya wanaume na vijana. Siku hizi wengine husema mboga ni mambo ya wanawake. Lakini anayeamua kama mkakao upandwe hadi ukutani mara nyingi ni baba. Basi, ukimfundisha mama peke yake, umemfundisha mtu asiye na ardhi.

Usiwe mtoaji wa zawadi. Mbegu za bure huleta watu wengi siku ya kwanza na watu wachache siku ya pili. Afadhali umkopeshe mtu mbegu kijiko kimoja, naye baada ya mavuno amkopeshe jirani vijiko viwili. Kwa njia hiyo mbegu hutembea pamoja na maarifa.

Na jambo usilolijua, sema, “Silijui.” Kisha mwulize afisa ugani, yaani bwana shamba wetu, au watu wa Uyole. Habari za dawa za wadudu hasa, usikisie kamwe.

7. JE, MWALIMU ATAKULA NINI?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nasi tutalijibu kwa sauti. Kujitolea si kufa njaa. Mwalimu naye ana watoto, na siku aliyokuwa katika matuta ya wengine, mpunga wake uliota magugu. Nimewaona walimu wema walioacha kazi hii katika mwaka wa pili kwa uchungu, wakisema, “Watu hawana shukrani.” Nimewaona na wengine walioanza kudai posho kwa kila ziara, hata nyumba maskini zikafunga mlango. Wote walishindwa kwa sababu moja: mapatano hayakufanywa mwanzoni.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 twasoma ya kuwa Paulo alishona hema huku akifundisha. Na wengi wa wainjilisti wetu wa kwanza waliishi kwa jembe lao. Lakini hata wao hawakuachwa peke yao. Kijiji kiliwasaidia kulima. Basi wazee wa usharika wafanye hivi. Kabla ya kumpeleka mtu mafunzoni, waketi naye na kupatana atahudumu nyumba ngapi, siku gani za juma, kwa muda wa miaka mingapi. Nao wale atakaowafundisha waahidi siku mbili au tatu za kazi katika shamba lake kila msimu. Huo si mshahara, ni kubadilishana nguvu, nayo ni desturi ya zamani kwetu. Muda ukiisha, mwalimu awe huru kupumzika pasipo kuaibishwa, na mwingine aliyefundishwa naye ashike.

Na hapo ndipo twaona deni limelipwa. Usihesabu semina ulizofundisha, wala vyeti. Uondoke kwa msimu mmoja, kisha urudi kimya kimya. Kama matuta yamelala, ulikuwa ukilima bustani zako katika ua wa watu wengine. Kama matuta yamesimama, na nyumba ya nane ambayo hukuifundisha nayo ina tuta karibu na jiko, umelipa.

Bibi yule alifariki, nasi tulimzika wakati wa kiangazi. Masika iliyofuata nilihesabu nyumba zenye vilima kama vyake nikiwa njiani kutoka kwangu hadi kanisani. Zilikuwa kumi na moja. Katika nyumba mojawapo nilimkuta kijana nisiyemfundisha, akiinua udongo. Nikamwuliza, “Ni nani aliyekuonyesha?” Akasema, “Mama jirani.” Hakujua jina la bibi, wala langu. Nilikwenda zangu nikiwa na moyo mweupe. Ndaga fijo, bibi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni nani mwenye mboga mwezi wa nne? Je, mmewahi kumwuliza anafanyaje?

2. Taja vitu vitano vinavyotupwa au kuchomwa kwenu ambavyo vingeweza kuwa mboji.

3. Katika nyumba yako, ni nani aamuaye mahali pa kupanda kakao na mahali pa kupanda mboga? Je, mliwahi kuketi pamoja kulizungumza?

4. Ikiwa usharika wenu utamtuma mtu kujifunza, mtapatana naye nini kabla hajaondoka?

5. Wewe uliyefundishwa kazi yoyote, useremala, ushonaji, uuguzi au bustani, ni nani anayekudai?